Mkufunzi Aliyetupangia Shahada

Sijapata kuona mtu aliyezijua habari za chuo kikuu kama Mkufunzi, na miaka yote niliyomfahamu pale Kasulu hakuwa amekanyaga chuo kikuu chochote. Alijua somo lipi linakubaliana na lipi, kozi ipi wanaifundisha mwaka wa kwanza na ipi lazima uisubiri, mhadhiri yupi ana huruma na yupi ni wa kukaa naye mbali. Yote hayo aliyapata kwa kuwahoji waliorudi likizo. Aliwahoji kama polisi wa barabarani, na akimaliza kukuhoji alikusahihisha. "Hapana, hiyo wameshaihamishia mwaka wa tatu," anakuambia, na wewe uliyeshuka kwenye treni Kigoma juzi tu unabaki kujiuliza kama kweli ulikuwa Dar es Salaam au ulipitiwa na usingizi njiani.

Alikuwa akifundisha mbinu za kufundishia Jiografia katika chuo cha ualimu. Wakufunzi walikuwa wengi pale, lakini ukisema Mkufunzi bila kutaja jina, kila mtu alijua ni yeye. Hata mkewe alimwita hivyo, na alipoudhika alilivuta neno lile mpaka likafanana na tusi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na tai yake iliishia juu kabisa ya kitovu kwa sababu alipenda kufunga fundo nene kupita kiasi. Mvua zikianza alivaa mabuti ya mpira na tai hiyohiyo. Mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki. Alitembea na chaki kila mahali, hata kanisani, maana aliamini kwamba popote penye ukuta panaweza kutokea jambo la kuelezwa.

Kwa habari ya muda alikuwa mkali, na yeye mwenyewe hakuwahi. Sisi Waha salamu zetu hazina haraka. Unapiga makofi taratibu, unauliza za nyumbani, za shamba, za mifugo, za mgonjwa, na mwenzako anakujibu moja moja kabla hajaanza za kwake. Mkufunzi hakuruka hata moja. Kutoka nyumba za wakufunzi mpaka darasani ni mwendo mfupi tu, lakini kwa salamu zake ilikuwa safari kamili. Akiingia amechelewa, anatazama saa, halafu anatutazama sisi kana kwamba ndio tuliomshika njiani. "Mwalimu akichelewa, darasa zima limechelewa," anasema. "Nani atanieleza kwa nini?" Hakuna aliyethubutu kumweleza.

Alikataza Kiha darasani. Alisema mwalimu wa Kasulu anaweza kupelekwa Mtwara, na huko akisema "ego" hakuna atakayejua kama amekubali au amekohoa. Lakini yeye akiguswa na jambo, Kiswahili chote kilimkimbia. Nilimsikia siku moja akimgombeza mwanachuo aliyemcheka mwenzake ubaoni. Alianza kwa Kiswahili sanifu cha redioni, akafika katikati, na yaliyobaki yote yalikuwa Kiha kitupu cha bibi yangu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kasanda, na nilikwenda Kasulu kusomea diploma nikiwa tayari na mtoto niliyemwacha kwa mama yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wengi wetu tuliokuwa pale tulikuwa na ndoto moja, ingawa tuliisema kwa sauti ya chini ili tusichekwe: kwenda chuo kikuu na kurudi walimu wa shahada, tufundishe sekondari. Sekondari zenyewe kwa huku kwetu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na walimu wa shahada ndani yake walikuwa wachache zaidi. Wakipangiwa Kibondo kutoka mbali, walikuja kuiona na kurudi na gari lilelile.

Ndoto hiyo ilikuwa na mitego, na mitego hiyo ndiyo Mkufunzi aliyojipa kazi ya kuitegua. Ili uhesabiwe mwalimu wa shahada ulitakiwa uwe na masomo mawili yanayofundishwa sekondari, na ndani ya shahada hiyohiyo usome na ualimu wenyewe, pamoja na kwenda shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha ukitazamwa na wahadhiri. Kimoja kikikosekana, unarudi na digrii nzuri ya kutundika sebuleni. Watu wa kwetu walinaswa mara nyingi, hasa kwa kosa moja ambalo ni sisi tuliotoka diploma tu tungeweza kulifanya. Tulisema: ualimu ninao tayari, niusomee tena wa nini?

"Diploma yako inasema unaweza kufundisha kwa ngazi ya diploma," Mkufunzi alikuwa akituambia. "Ukipanda juu, ualimu haukufuati nyuma kama mbwa. Unapanda nao umeushika."

Gabrieli hakumsikiliza. Alikuwa kijana wa Heru Juu, mwanafunzi wake wa zamani, mwenye akili na mwenye kujua kwamba anazo. Alisema hawezi kupoteza muda kwa kozi za ubao na chaki alizokwisha kuzifaulu, akachukua Sosholojia peke yake na kuimaliza vizuri sana. Aliporudi aliambiwa asome kwanza mwaka mmoja zaidi wa ualimu ndipo ahesabiwe mwalimu wa shahada, na hata hivyo hakuna sekondari mkoani iliyokuwa na kipindi cha Sosholojia kwenye ratiba. Akarudishwa shule yake ya msingi, darasa lilelile.

Kama hadithi ingeishia hapo, Mkufunzi angeipenda. Lakini wakimbizi wakaja kwa maelfu kutoka Burundi, kambi zikafunguliwa Kibondo na Kasulu, na mashirika yakaanza kutafuta watu waliosomea habari za jamii. Gabrieli akapata kazi, na kazi ikaja na gari jeupe lenye waya mrefu wa redio mbele. Siku moja alimkuta Mkufunzi anasukuma baiskeli kwenye mlima wa Heru Juu, jasho linamtoka. Akasimama, akapakia baiskeli nyuma, akamkalisha mbele. Jumamosi iliyofuata Mkufunzi alitusimulia mwenyewe. "Mpango wake ulikuwa mbovu na kiti chake ni laini," alisema. "Mjue yote mawili, msije mkasema niliwaficha." Tulicheka sana. Kisha akatuambia lililomshangaza: njiani Gabrieli alimwuliza kama ule mwaka mmoja wa ualimu bado anaweza kuusoma. Walijadiliana mpaka wakaipita nyumba ya Mkufunzi, wakaipita na njia panda, na ilibidi gari ligeuze.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mashauri. Mtu yeyote aliyefikiria chuo kikuu alikwenda nyumbani kwa Mkufunzi alasiri, na akifika hakukaribishwa kiti. Uani, nyuma ya jiko, Mama, yaani mkewe Mkufunzi, alikuwa ameketi na majirani zake wawili watatu kwenye mkeka, na mbele yao rundo la maharage. Yakiwa mabichi waliyamenya, yakiwa makavu waliyachambua mawe. Mkufunzi alikusimamisha mbele ya akina mama hao na kukuuliza unataka kwenda kusomea somo gani. Ukilitaja, anasema, "Haya, wafundishe."

Sheria yake ilikuwa ya ajabu lakini aliiamini kama Injili. Mikono ya akina mama ikiendelea na maharage, somo hilo si lako. Mikono ikisimama, basi ni lako, ukalichukue. Kuna waliokwenda na Kiingereza na mikono ikaongeza kasi. Kuna kijana mmoja mkimya, hata kujitambulisha alishindwa, aliyefundisha Baiolojia ya mzizi wa mhogo mpaka jirani mmoja akainuka kwenda kung'oa mmoja ahakikishe. Mkufunzi hakuwauliza akina mama wanaonaje. Alitazama mikono tu, amekaa pembeni kwenye kigoda, karanga mdomoni.

"Siku ya kwanza ukiwa mwalimu wa shahada," aliwauliza waliofaulu mkeka, "umesimama mbele ya Kidato cha Tatu, chaki unayo. Ubaoni umeandika nini?" Aliyejua angeandika nini, alisaidiwa kupanga kuanzia hapo kurudi nyuma: ili uandike hilo, lazima mwaka wa pili usome hili, na ili ukubaliwe hili, mwaka wa kwanza uchague lile. Aliyejibu kwamba angeandika jina lake na cheo chake aliambiwa aende akafikiri, arudi wiki nyingine.

Mimi nilikwenda na Historia. Niliipenda tangu utotoni na sikuwa na shaka hata kidogo. Nikawafundisha akina mama wale jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoigawana Afrika, kwa hisia, nikanyoosha mikono. Maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo. Nilipofika Berlin kwenyewe, Mama akamwuliza jirani kama ana chumvi ya kumwazima. Nilichukia jamani. Nilitaka kuondoka.

"Kunywa maji," Mkufunzi akasema. "Lete lingine."

Kwa hasira nikaanza la kwanza lililonijia, kwa nini huku kwetu juu mvua inaanza mapema na kukaa sana wakati kule Uvinza chini bado ni vumbi. Nikasema upepo wenye unyevu unatoka upande wa ziwa na Kongo, unagonga milima yetu, hauna pa kupita ila juu, na ukipanda unapoa, na ukipoa unaangusha ulichobeba. Sikunyoosha mikono wala nini. Mama akanyanyua uso.

"Kwa hiyo ile mvua iliyonioza maharage mwaka jana ilitoka Kongo?"

"Ego, mama."

"Na wenyewe wanajua?"

Hakuna aliyekuwa anamenya tena. Nikaenda chuo kikuu na Jiografia na Kiswahili, pamoja na ualimu ndani yake. Kuhusu Historia Mkufunzi aliniambia nitaisoma kwa raha zangu maisha yangu yote, hakuna atakayenizuia. Nilimkasirikia mpaka treni ilipopita Tabora.

Sasa niseme jambo ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. Kila mwaka mkuu wa chuo aliwauliza wakufunzi ni nani anayetaka kwenda masomoni, na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Kila mwaka Mkufunzi alisema aende mwenzake. Tulimsifu kwa hilo. Mchungaji alimtaja hata kwenye mahubiri kama mfano wa mtu asiyejipendelea. Jumamosi moja mgeni mmoja alirudia sifa hizo pale uani, na Mama, bila kuacha kazi yake, akasema, "Kujitolea gani? Huyu anawatanguliza wenzake mtoni wamwangalizie kina."

Mkufunzi alicheka kuliko sisi wote. Lakini jioni ile alinisindikiza mpaka stendi, nami nikiwa likizo, akisukuma baiskeli yake.

"Mama yule hasemi uongo," aliniambia. "Ule mtihani wa kuingilia, wa watu wazima, nitaufanya chumba kimoja na vijana niliowafundisha. Wao wakipita mimi nikabaki, Jumamosi nitamshauri nani?"

"Lakini unaitaka, Mkufunzi?"

"Naitaka, mwanangu. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipokwenda kuposa."

Niliumia kusikia hivyo, maana alikuwa anazeeka. Nywele za pembeni zilikuwa zimeshageuka, na wenzake wa rika lake walianza kuzungumzia kustaafu na mashamba ya kahawa. Kila mwaka aliosema aende mwenzake ulikuwa umekwenda kweli.

Aliyemwokoa ni Mama. Nilikuwa nimerudi likizo nyingine, napitia Kasulu kwenda Kasanda kumwona mwanangu, na nikakuta uani pamejaa. Kabla mgeni wa kwanza hajasimama, Mama akaondoa kigoda cha Mkufunzi pembeni, akakikalia yeye.

"Leo wa kwanza ni Mkufunzi," akasema.

"Mimi tena? Kuna watu wametoka Buhigwe kwa miguu."

"Watasubiri. Kila mtu amefundisha hapa isipokuwa wewe. Simama."

Alisimama kwa sababu tulikuwa wengi na kukataa ilikuwa aibu zaidi. Akaingia jikoni, akatoka na kiazi kitamu kikubwa na kisu. Akakikata kiazi vipande kwa mlalo, kuanzia chini hadi kileleni. Kisha akaweka kipande cha chini mchangani, akachora mstari kukizunguka, akaweka cha pili ndani ya mstari huo, akachora tena, mpaka kiazi chote kikawa mistari ndani ya mistari. Akasema mlima ukitaka kuuweka kwenye karatasi ndivyo unavyolala. Mistari ikikaribiana, ujue utahema. Jirani mmoja akamwomba aoneshe mlima wa Heru Juu, maana ndiko alikoolewa na magoti yake yanaujua. Akamchorea. Akina mama wakauzunguka mchoro ule wamepiga magoti, wakabishana ni wapi kisima kipo.

Mama hakubishana. Alikuwa anamtazama mumewe. "Basi," akasema taratibu. "Huo mtihani wenu unafanyika lini?"

Mkufunzi akaenda kumtazama mbuzi ambaye hakuwa na tatizo lolote. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na akasema kwa Kiha kwamba atakwenda.

Alikwenda, na akaanguka. Lile aliloliogopa lilimpata kama alivyoliogopa: vijana wake wamepita, yeye amebaki. Waliokuwapo waliniambia kwamba Jumamosi ile alitokea uani akiwa amefunga tai. Akasema, "Nimeanguka. Watatu niliowafundisha wamepita, nawapongeza. Nani ana swali?" Watu wakatazama chini. Mwisho msichana mmoja akauliza kama Kiswahili kinakubaliana na Hisabati, na Mkufunzi akamjibu kwa kirefu, na akamwambia asimame mkekani. Wiki iliyofuata watu waliongezeka. Mwaka wa pili akaufanya tena mtihani, akapita.

Habari zake huko chuo kikuu nilizipata kwa waliorudi likizo. Nilisikia anakaa kiti cha mbele na kuuliza maswali mpaka vijana wanagonga meza. Nilisikia mhadhiri mmoja alimshauri aombe kusamehewa kozi ya mbinu za kufundishia, kwa kuwa ameifundisha nusu ya maisha yake, na yeye akakataa katakata, akamsimulia mhadhiri habari za Gabrieli mwanzo hadi mwisho.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa shahada Kibondo. Nilikuwa mkuu wa idara ya Jiografia, na idara yenyewe ilikuwa mimi na mwenzangu mmoja aliyekuwa akiomba uhamisho. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi na vumbi jekundu, tukaletewa wanafunzi wa chuo kikuu kuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Niliwaona kupitia dirishani wakishuka kwenye lori. Vijana wawili wenye miwani ya jua, na nyuma yao mzee mrefu anayekabidhiwa begi lake na utingo, huku akimwuliza habari za nyumbani.

Aliingia ofisini kwangu na andalio la somo, amelishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikasimama.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba. Kaa, mkuu wa idara. Usisimame. Mimi ndiye mwanafunzi."

Sikuweza kukaa. Nililisoma nimesimama, na sikuona hata nukta ya kubadilisha. Tangu hapo kila asubuhi alikuja na andalio lake, na kila asubuhi nililisaini kwa aibu.

Ijumaa nilikwenda kumsikiliza Kidato cha Pili, nikaketi nyuma. Somo lilikuwa mito. Ubaoni aliandika kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, kisha akaelewesha kwa Kiswahili kama tunavyofanya sote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mchoro wake mzuri. Kisha akasema, "Sasa hapa utawauliza wanafunzi wako, je, mto ukifika tambarare unafanya nini? Utawapa muda wa kufikiri. Usikubali jibu la kwanza." Akaendelea kwenye hatua iliyofuata. Watoto wakatazamana. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Wanafunzi wetu ni akina nani?"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, lakini nilimwona amepotea. Miaka yote ile alikuwa amefundisha walimu, na sasa hakujua tena njia ya kumfikia mtoto bila kupitia kwa mwalimu wake. Muda wote uliobaki alizungumza na mimi, kule nyuma, juu ya vichwa vyao. Wiki iliyofuata mhadhiri alikuwa anakuja kumtazama. Bila mazoezi hayo kupita, shahada yote aliyoisubiri isingemfanya mwalimu wa shahada.

Alinisubiri nje. "Sema," akaniambia.

Niliogopa. Ningependa kusema kwamba nilimheshimu kwa kumwambia kweli, lakini ukweli ni kwamba nilitamani mtu mwingine amwambie.

"Mkufunzi, hawa hawana wanafunzi. Hawa ndio wanafunzi wenyewe."

Akatoa chaki mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Ego," akasema. "Na nilikuwa nawaogopa. Nilikuwa nakutafuta wewe kwa sababu wewe nakuelewa." Kisha akauliza kama anaweza kuja kukaa darasani kwangu Jumatatu.

Kidato cha Pili kilekile nikakifundisha mimi, naye akakaa ndani Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kifua. Hakuandika chochote. Aliangaliziana kitabu na yule msichana wa mbele, na nilipouliza swali naye alinyoosha mkono, na mara moja alikosea, na msichana akamsahihisha kwa sauti ya chini. Alimshukuru kwa dhati.

Siku ya mhadhiri sikuingia. Nilimwambia nina kazi ofisini, na kazi sikuwa nayo. Nilisimama kwenye korido, mahali ambapo sauti inafika na mtu haonekani. Alianza vibaya. Nilisikia "sasa hapa utawa—" akakatisha. Nikashika ukuta. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya mtu anayezungumza na aliye karibu: "Wewe unayetoka Kasanda. Mto wa kwenu mvua ikinyesha una rangi gani?" Mtoto akajibu. "Kwa nini?" Mwingine akajibu, wa tatu akambishia, na baada ya hapo sikumsikia Mkufunzi kwa muda mrefu, niliwasikia watoto tu.

Mhadhiri alitoka akiwa hana maneno mengi. Alisema mzee amepita, akapanda gari kwenda shule nyingine. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale koridoni, na kama si wadhifa wangu ningepiga.

Mkufunzi alikuja ofisini saa za mwisho, tai imelegea, chaki mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia hongera. Nikamwambia Kasulu watafurahi, kwamba akirudi na shahada watampa idara nzima aiongoze, na kwamba sasa hakuna atakayemwambia lolote mpaka astaafu. Aliyasikiliza yote kwa adabu. Alikuwa anatazama nje, watoto wanakimbizana kwenda kuchota maji.

"Miaka niliyobakiza kabla ya kustaafu si mingi," akasema.

"Si mingi."

Akajiweka sawa kitini. Akaishika mikono yake pamoja, kama watu wote waliowahi kuja kuomba kitu katika ofisi ile.

"Mkuu wa idara, hapa shuleni kwenu kuna nafasi ya mwalimu wa Jiografia?"

Nilimwambia ipo. Nilisema kabla hajamaliza vizuri, kisha nikatoka mbio kwenda kumtafuta mkuu wa shule asije akaondoka.